Apu za kufundisha watoto kuhesabu pesa: vile tunaambiana na vile mambo yako

Ile dhana inanisumbua zaidi ni hii ya kusema ati mtoto akishajua kuhesabu moja hadi mia basi pesa ameshajua. Hapana jamani. Kuhesabu vitu ni kitu kimoja na kujua thamani ni kitu kingine kabisa, na hapo ndipo watoto wengi wa miaka minne mitano wanakwama. Jaribu leo jioni, weka mezani sarafu moja ya shilingi ishirini, kando yake panga sarafu tano za shilingi moja moja, halafu muulize upande gani uko na pesa nyingi. Wengi watachukua zile tano, tena kwa furaha. Na usimgombeze juu kuhesabu amehesabu vizuri, ni vile amehesabu vipande badala ya thamani. Sasa apu nyingi zinampa nyota kwa kugusa sarafu moja, mbili, tatu, mzazi anaona nyota zimejaa anafikiri mtoto ameiva, kumbe bado hajaguswa pale penye shida. Apu ya maana ni ile inamwambia lipa shilingi 35 halafu inamwachia achague mwenyewe, kama ni mbao (ishirini) na kumi na kobole (tano) sawa, kama ni kumi tatu na kobole pia sawa, hata makobole saba ni sawa, ndio aone bei moja inaweza kulipwa kwa njia nyingi. Na iwe na chenji! Apu ya pesa isiyofundisha chenji mimi siioni kama imemaliza kazi.

Wengine wanasema pesa ni pesa, pakua yoyote. Hii ni hatari kuliko inavyoonekana. Apu nyingi za bure zimetengenezewa watoto wa Marekani, na sarafu za huko ziko na mambo yake, dime ni ndogo kuliko nickel lakini thamani yake ni senti 10 na nickel ni senti 5, halafu kuna quarter ya senti 25 na sisi huku Kenya hatuna sarafu wala noti ya ishirini na tano. Hata ile penny ya senti moja wanayofundisha kwanza, Marekani wenyewe waliacha kuitengeneza ya kutumika madukani Novemba 2025. Mtoto wa Kayole anasota na hizo zote halafu ukimtuma dukani na hamsini hajui arudishiwe ngapi.

Zetu tangu Desemba 2018 ziko na wanyama, twiga kwa shilingi moja, kifaru kwa tano, simba kwa kumi, ndovu kwa ishirini, kwa sababu katiba ya 2010 kifungu cha 231 inakataza sura ya mtu kwa pesa. Lakini za zamani bado ziko mtaani, kwa hivyo mtoto anaweza kupewa kumi mbili, moja ya simba na moja ya Mzee Kenyatta, akafikiri si pesa sawa. Hiyo hakuna apu ya nje itamfundisha, ni wewe umwage sarafu za mfukoni kwa meza umwambie atenge kumi zote pamoja, hata kama hazifanani.

Halafu kuna wale wa "siku hizi ni M-Pesa, sarafu za nini?" Naelewa, M-Pesa iko tangu 2007 na sisi wenyewe hatubebi keshi kama zamani. Lakini fikiria mtoto anaona nini. Anaona mama amebonyeza simu na unga umekuja. Hajaona kitu kikitoka wala kikipungua. Mtoto kama huyo ndiye anahitaji kushika sarafu zaidi, na pia kwa CBC, ule mtaala wa shule zetu, pesa zinafundishwa kwa hesabu kuanzia gredi ya kwanza, sarafu na noti zenyewe. Ukimaliza kulipa kwa simu mwonyeshe ile meseji, mwambie tulikuwa na hizi, tumetoa hizi, salio ni hili.

Ati apu itamfundisha wewe ukiendelea na shughuli zako? Mtoto wa chini ya miaka mitatu hajifunzi vizuri kutoka kwa skrini kama anavyojifunza kutoka kwa mtu, hilo limeonekana kwa utafiti mara nyingi, na Shirika la Afya Duniani mwaka wa 2019 lilisema wa miaka miwili hadi minne wasizidi saa moja kwa siku, ikipungua ndio bora. Keti naye hata dakika kumi, uliza umejuaje hiyo ni ishirini. Hiyo swali inafanya kazi kuliko nyota zote.

Na hili neno "elimu" kwa jina la apu lisikutulize, mwenye apu ndiye anajiandikia.

La mwisho ni bure. Bure mara nyingi inamaanisha matangazo katikati ya mchezo, ama vitu vya kununua ndani ya apu, na mtoto anabonyeza tu. Si hadithi, mwaka wa 2014 serikali ya Marekani ilifanya Apple ikubali kurudishia wazazi angalau dola milioni 32.5, na Google angalau dola milioni 19, kwa sababu ya vitu vilivyonunuliwa na watoto bila ruhusa. Hapa kwetu sheria ya kulinda data ya 2019 inataka mzazi akubali kwanza kabla data ya mtoto itumike, kwa hivyo apu ya kuhesabu sarafu ikiomba kontakti zako na mahali uko, kataa, haihitaji. Kama kadi ama M-Pesa yako imeunganishwa na duka la apu, weka nywila kwa kila ununuzi, na ukimpa simu zima data, ile apu ikikataa kufunguka bila bando tafuta nyingine.