"Fundi, kaza mpaka mwisho": dhana potofu kuhusu cheni ya pikipiki

Msimu wa korosho ukifunguliwa, bodaboda zinateremka Mtwara mjini kutoka Tandahimba na Newala zimejaa vumbi, na ombi ni lile lile: "Fundi, cheni imelegea, kaza mpaka mwisho." Nikiiacha icheze, naambiwa kazi yangu nusu. Wengine wanaazima spana kwa jirani, wanamalizia wenyewe.

Cheni inatakiwa icheze. Kwa pikipiki nyingi ndogo za biashara, katikati ya cheni ya chini ipande na kushuka kama milimita 20 hadi 30. Kipimo kamili kipo kwenye kitabu cha pikipiki, kile ambacho hujawahi kukifungua. Mkono wa nyuma unaobeba tairi unacheza kwenye bolti iliyo nyuma ya sproketi ndogo, lile gurudumu la meno la mbele linalovuta cheni. Shokapu zikibonyea, ekseli inapanda, na umbali wake na sproketi ndogo unaongezeka mpaka sproketi, bolti na ekseli vikae mstari mmoja. Hapo ndipo cheni inapobana kuliko popote. Wewe umeikaza pikipiki ikiwa tupu. Sasa unapakia mishkaki, yaani abiria wawili kwa mpigo, au gunia na mwenye gunia, unadumbukia shimoni. Cheni haina pa kwenda, inavuta shafti ya giaboksi pamoja na beringi yake. Baadaye unarudi kuniuliza mbona oili inavuja nyuma ya sproketi ndogo. Sili, mpira unaozuia oili pale, ni hela ndogo, lakini beringi iko ndani, na injini lazima ipasuliwe.

Zungusha tairi taratibu, tafuta sehemu cheni ilipobana zaidi, pima hapo hapo, maana cheni hailiki sawasawa. Kaza nati ya ekseli, kisha pima tena. Halafu wakae watu wawili wazito: ikiwa bado inacheza kidogo, nenda kazini.

Eti cheni "imevutika". Chuma hakijavutika, bwana. Pini na bushi zimelika, na kila pingili imeongeza nafasi. Ivute cheni kwa nyuma kabisa ya sproketi kubwa. Ikinyanyuka ukaona nusu ya jino, imekwisha, na kukaza hakuifufui. Nunua seti nzima. Cheni mpya juu ya meno yaliyochongoka inaliwa haraka, na lawama zinakuja kwangu.

Oili chafu ya injini kwenye cheni? Ina masizi na unga wa chuma. Ongeza mchanga wa njia ya Msimbati, umejitengenezea msasa. Safisha kwa mafuta ya taa, ikauke, pakaza oili safi ya gia kwa ndani, futa inayozidi.

Sasa kuna vijana wameona video za pikipiki kuukuu zikitolewa cheni na kuwekwa mkanda, wanataka pikipiki zao za Boxer nazo zifungwe mkanda. Ule ni mkanda wa kati ya injini na klachi, kwenye Triumph au Norton za zamani zilizokuwa na cheni sehemu hiyo. Boxer pale ina gia, hakuna cha kubadilisha. Na mkanda wa nyuma unaozungusha tairi badala ya cheni, kama wa Harley-Davidson, kokoto ikinaswa kati yake na puli inaweza kuutoboa, na mkanda hauungwi kwa klipu njiani Nanyamba usiku.

Klipu yenyewe, kile kibanio kinachounga ncha za cheni, upande uliofungwa uelekee cheni inakokwenda. Hata mafundi wenye majina makubwa wanaifunga kinyume.