Je, wajua kwa nini mzee aliyefiwa na mkewe bado anamsikia anatembea ndani?

Hii kitu ipo kwenye nyumba nyingi sana ila watu hawaisemi. Bibi kafariki, matanga yameisha, arobaini imesomwa, ndugu wa mkoani wameshapanda mabasi wamerudi kwao, halafu siku moja babu kakaa kibarazani peke yake mnamsikia anaitika "naam!" kwa sauti kabisa, mnaangaliana, hakuna aliyemwita. Au asubuhi anawaambia kasikia ndala za mama zinaburuzika kwenda jikoni na kile kikohozi chake cha alfajiri. Hapo watoto wanaanza kunong'ona, mmoja anasema umri umefika, mwingine anasema marehemu hajatulia ifanywe sadaka, wa tatu tayari anaulizia daktari wa akili.

Tulieni kwanza. Mwaka 1971 daktari mmoja wa Wales anaitwa Dewi Rees alichapisha utafiti, aliwahoji watu 293 waliofiwa na wenzi wao, wajane 227 na wagane 66, na karibu nusu yao walisema yamewakuta mambo kama hayo. Wengi ilikuwa ile kuhisi tu kwamba yupo humu chumbani, kama asilimia 39, waliomwona kwa macho ni asilimia 14, waliomsikia 13 hivi, na karibu 12 walikuwa wanaongea naye kabisa. Na si wagonjwa hao, ni watu wazima na akili zao, wanalima, wanaenda kanisani. Kilichonigusa mimi ni kwamba iliwatokea zaidi walioishi kwenye ndoa miaka mingi, tena ndoa yenye furaha, na wengi wao walisema inawafariji. Ila kama robo tatu yao walikuwa hawajawahi kumwambia mtu yeyote mpaka siku walipoulizwa, wengine wanaogopa kuchekwa.

Sasa inakuwaje? Ubongo hausubiri sauti ifike ndo uanze kujiuliza hii nini, wenyewe unabashiri mapema kutokana na ulivyozoea. Fikiria mtu umeishi naye miaka 45, kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri komeo la mlango wa uani linafunguliwa, ndala zinapita, sufuria linagonga jiko, ubongo umeshalishika hilo kuliko hata sala. Mama akifa mzee anajua kafa, kamzika kwa mikono yake, lakini ile ratiba ya alfajiri haijafutika, kwa hiyo inatosha bati lipoe usiku lilie kidogo au paka apite uani, mengine yote ubongo unajazia wenyewe. Ni kama wewe unavyohisi simu inavaibreti mfukoni kumbe umeiacha kwenye chaji. Na inatokea sana pale mtu anapotaka kusinzia au ndo anaamka, maana muda huo hata vijana ambao hawajafiwa na mtu huwa wanasikia wanaitwa majina yao.

Tena wanaume tunawasahau. Kwa Waislamu mjane anakaa eda miezi 4 na siku 10, yuko ndani, mashoga zake wanakuja kumtazama, wanaongea, wanalia. Mwanaume hana eda, wiki ijayo mnamwona sokoni na kapu lake basi kila mtu anajua mzee kashapoa, kumbe usiku anarudi kwenye kitanda kilekile na kanga za marehemu zinaning'inia kwenye kamba.

Kanga zenyewe sasa! Watoto na wajukuu mara nyingi hawasikii nyayo, wao wanashikwa na harufu. Unafungua sanduku la bibi inatoka ile harufu ya udi, asumini iliyokauka na moshi wa kuni, na mjukuu ambaye msibani alikuwa mkavu kabisa anakaa chini analia. Sababu ipo. Unachokiona na unachokisikia kinapitia kwanza sehemu ya katikati ya ubongo inaitwa thalamasi, lakini harufu haianzii huko, inatoka puani inaingia karibu moja kwa moja kwa amigdala na hipokampasi, yaani kwenye hisia na kumbukumbu. Na watafiti wameona kumbukumbu zinazoletwa na harufu nyingi ni za kabla ya miaka 10, ndo ule umri ambao wengi wetu tulikuwa tunalala na bibi. Kwa hiyo kugawa nguo za marehemu sawa, ila jamani bakizeni hata kanga moja, msiifue, ifungeni kwenye mfuko usiopitisha hewa.

Wanaosema marehemu yupo nao si wa kuwabeza. Mwanateolojia Mkenya John Mbiti aliandika mwaka 1969 kwamba kwa Waafrika wengi aliyekufa bado anahesabika wa nyumbani maadamu wapo waliomjua na wanaomtaja kwa jina. Imani ni imani, mimi nimeeleza upande wa ubongo tu.

Daktari anahitajika lini? Kama sauti inamwamuru ajidhuru au yeye mwenyewe anasema anataka kumfuata mama, hiyo ni haraka, msimwache peke yake. Kama miezi 6 imepita na bado hali chakula, hatoki, maisha yamesimama palepale, Shirika la Afya Duniani sasa linautambua huo kuwa ugonjwa wa majonzi yaliyopitiliza na unatibika. Na kama mzee ghafla anaona watu wasiojulikana ndani, anachanganya usiku na mchana, msikimbilie kusema ni msiba, mpelekeni apimwe, kwa wazee hata UTI tu (maambukizi ya njia ya mkojo) inaweza kumvuruga mtu akili ndani ya siku mbili.