Kahawa haikaushi ubongo, na madai mengine ya kijiweni Majengo

Kijiweni kwetu Majengo, Moshi, dele hupanda mkaani baada ya swala ya alasiri na vikombe huanza kuzunguka. Tumezoea kubishania mpira na bei ya mahindi. Wiki iliyopita ikafika zamu ya kahawa yenyewe. Mzee mmoja, mstaafu wa reli, alikuwa anaomba kikombe cha tatu, kijana wa bodaboda akamwambia, "Babu, hiyo punguza, inakausha ubongo." Mwingine akadakia kwamba ni kinyume chake, mnywa kahawa hapati usahaulifu wa uzeeni. Ubishi ukaenda mpaka magharibi. Nilikuwa na bahasha mfukoni, nikawa naandika kila dai linapotoka.

"Inakausha ubongo"

Haikaushi. Nadhani dai hili limezaliwa na safari za msalani: mtu anakunywa, anakwenda kukojoa, anahisi maji yote yamemtoka. Mwaka 2014 watafiti wa Birmingham, Uingereza, waliwanywesha wanaume 50 waliozoea kahawa vikombe vinne kwa siku, kisha wakawapima tena wakinywa maji badala yake. Kiasi cha maji mwilini hakikutofautiana kwa namna ya kumtia mtu wasiwasi.

Kinachofanywa ubongoni na kafeini, kile kichangamshi kilichomo kwenye kahawa, ni kingine kabisa. Tangu unapoamka, kemikali iitwayo adenosini inajikusanya kichwani, na kadiri inavyokaa kwenye vipokezi vyake ndivyo unavyosikia uchovu. Kafeini ina umbo linalofanana nayo, basi inawahi siti. Ni kama mfuko uliowekwa kwenye kiti cha hiace ya Machame: abiria yupo, kasimama mlangoni, lakini hana pa kukaa. Uchovu haujaondoka, umezuiwa kuketi tu. Mfuko ukitolewa abiria wote wanaingia kwa pamoja, ndiyo maana wengine huishiwa nguvu ghafla jioni.

"Mnywa kahawa hapati usahaulifu"

Hapa ndipo kijiwe kiligawanyika, na kila upande una chake cha kushika. Finland, nchi ambayo watu wake wanakunywa kahawa kupita karibu taifa lolote, watafiti waliwafuatilia watu 1,409 kwa wastani wa miaka 21. Matokeo yalitoka mwaka 2009: waliokunywa vikombe 3 hadi 5 kwa siku wakiwa watu wazima wa makamo walikuwa na uwezekano mdogo zaidi, kwa kiasi cha asilimia 65, wa kupata demensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaoleta usahaulifu huo, uzeeni kuliko waliokunywa kidogo au kutokunywa kabisa. Mwaka 2021 ukatoka uchambuzi mkubwa wa Waingereza zaidi ya 365,000 wenye miaka 50 hadi 74. Waliochanganya vikombe 2 au 3 vya kahawa na 2 au 3 vya chai kwa siku walipata demensia kwa uwezekano uliopungua asilimia 28, na kiharusi asilimia 32, wakilinganishwa na wasiokunywa kahawa wala chai.

Ukiishia kusoma hapo utatoka mbio kununua kilo nzima sokoni. Subiri kidogo.

Hakuna aliyewagawa watu hao makundi mawili, hawa kahawa, hawa maji, kwa miaka ishirini. Waliulizwa wanakunywa nini, wakaachwa waendelee na maisha yao. Sasa jiulize, nani anakunywa vikombe vitatu kwa siku akiwa na miaka 60? Mara nyingi ni yule ambaye presha yake haijampeleka kwa daktari akaambiwa aache, bado anatoka nyumbani, bado ana rafiki wa kukaa naye. Na demensia hujijenga ubongoni miaka mingi kabla ya dalili kuonekana, kwa hiyo mwingine huenda alipunguza kahawa kwa sababu ugonjwa ulishaanza kimyakimya. Kule Finland, katika wale 1,409, waliokutwa na demensia walikuwa 61 tu, namba ndogo kwa asilimia kubwa namna ile. Na waliojaribu njia nyingine, ya kuangalia vinasaba vinavyomfanya mtu apende kahawa, hawakuiona kinga hiyo waziwazi.

Msimamo wangu ni huu: kahawa ya kiasi haina kosa kwa ubongo, na huenda inasaidia. Neno "dawa" nalikataa. Kwa ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka mikono, ushahidi umerudiwa zaidi. Utafiti wa Honolulu uliotolewa mwaka 2000, uliohusu wanaume 8,004 wenye asili ya Japani, ulikuta kwamba kadiri mtu alivyokunywa kahawa ndivyo ugonjwa huo ulivyokuwa adimu kwake, na wengine waliofuata wameona hivyohivyo. Hata hapo sijasikia daktari akiandika kahawa kwenye cheti.

"Kama inafaa, basi tuzidishe"

Mzee wa reli alilishangilia hili. Lakini uchambuzi mwingine wa mwaka 2021, wa Waingereza karibu 400,000, 17,702 kati yao wakiwa wamepigwa picha za ubongo, ulikuta wanaopitisha vikombe sita kwa siku wana ubongo wenye ujazo mdogo kidogo, na uwezekano wa demensia uliozidi kwa asilimia 53 ule wa wanaokunywa kimoja au viwili. Nao ni utafiti wa kufuatilia tu, kwa hiyo uupime kwa mizani ileile niliyotumia juu. Huwezi kuziamini habari nzuri ukazikana mbaya.

Halafu kuna suala la kikombe. Kikombe cha wazungu hao ni mililita mia mbili na kitu. Cha kijiweni ni kile kidogo cha mafunda machache, ingawa kahawa yake imekolea. Kwa hiyo vitatu vya babu si vitatu vya London. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2015 ilisema mtu mzima mwenye afya hapati shida na kafeini hadi miligramu 400 kwa siku, na mjamzito aishie 200. Kikombe kikubwa cha kahawa ya kawaida kina kama miligramu 95. Na mbegu nazo si moja: arabika yetu ya Kilimanjaro ina karibu nusu ya kafeini iliyomo kwenye robusta ya Kagera, kwa hiyo mgeni wa kutoka Bukoba akisema yetu ni nyepesi, ana hoja.

Kahawa ya kuchemshwa bila kuchujwa kwa karatasi hubaki na mafuta yanayopandisha kolesteroli mbaya, na kolesteroli hiyo imo kwenye orodha ya vihatarishi vya demensia iliyotolewa na jopo la jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2024. Anayekunywa vikombe vitatu vidogo asikose usingizi kwa hili. Mwenye kolesteroli iliyopanda, anayechemsha sufuria nzima kila asubuhi, achuje.

"Mimi sinywi kahawa, nakunywa chai tu"

Hili ni la mama yangu. Ana mibuni kihambani Machame, ameipalilia tangu nikiwa mgongoni, na maishani mwake sidhani kama amemaliza vikombe kumi vya kahawa. Kahawa ni ya kuuza. Yeye ni chai ya maziwa, vijiko vitatu vya sukari, mara nne kwa siku, cha mwisho akishaangalia taarifa ya habari.

Majani ya chai yana kafeini. Kikombe kina karibu nusu ya ile ya kahawa, na kadiri unavyoyachemsha ndivyo inavyotoka zaidi. Kwa mtu mzima wa kawaida mwili huchukua kama saa tano kuondoa nusu yake, kwa mjamzito muda mrefu zaidi. Ukinywa saa kumi na moja jioni, saa nne usiku nusu ingali kichwani, imekalia siti. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani waliwapa watu miligramu 400 saa sita kabla ya kulala, na usingizi wao ukapungua kwa zaidi ya saa moja. Hiyo ni dozi kubwa kuliko chai ya mama, lakini mwenye umri mkubwa na usingizi mwepesi haihitaji yote. Na usingizi ndio mzigo mzito hapa: wafanyakazi karibu 8,000 wa serikali ya Uingereza walifuatiliwa kwa miaka 25, na waliolala saa sita au pungufu tangu miaka 50 hadi 70 walikuwa na demensia zaidi kwa asilimia 30.

Kisha sukari. Vijiko vitatu mara nne ni vijiko 12, karibu gramu 48. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite takriban gramu 50 kwa siku, na akiweza aishie 25. Mama anaumaliza mgawo wake kwenye chai kabla hajagusa soda ya harusini. Kisukari kimo kwenye orodha ileile ya Lancet, unene umo, presha imo. Tunaishtaki kahawa huku sukari imekaa pembeni inatuangalia.

Mchaichai au tangawizi iliyochemshwa bila majani ya chai haina kafeini hata chembe. Hicho ndicho kikombe cha baada ya taarifa ya habari.

"Chai asubuhi inamwamsha mtoto akili"

Inamwamsha macho. Kitu kilichomo kwenye majani ya chai, taniini, hushika madini ya chuma ya maharage na mboga yasiingie mwilini, na chai ikinywewa pamoja na mlo huo inaweza kupunguza chuma kinachofyonzwa kwa zaidi ya nusu. Mtoto mwenye upungufu wa damu unaotokana na kukosa chuma hukua na ubongo unaodaiwa, na deni hilo halilipiki lote baadaye. Mpe uji. Mjamzito naye aache saa moja ipite kati ya chakula na chai.

"Uzee ni kusahau"

Huu ndio uongo uliowaumiza watu wengi zaidi kwenye bahasha yangu, na kahawa haihusiki. Hapa jirani, Wilaya ya Hai, ambako ndiko Lyamungo yenye kituo cha utafiti wa kahawa, timu ya madaktari ilipita vijiji sita na kuwapima wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi. Matokeo yalitolewa mwaka 2013: demensia ilikuwa kwa asilimia 6.4, baada ya kurekebisha tofauti za umri. Maana yake wazee wengi sana hawakuwa nayo. Bibi anayepotea njia ya kurudi kwake kutoka sokoni, njia aliyoipita miaka arobaini, hajazeeka tu. Hajarogwa pia. Apelekwe hospitali, kwa sababu baadhi ya visababishi, kama upungufu wa vitamini au tezi ya shingoni isiyofanya kazi sawasawa, hutibika.

Upweke nao umo kwenye orodha ya Lancet. Kwa hiyo nikimtazama yule mstaafu wa reli, nafikiri benchi linamsaidia kuliko kilichomo kikombeni.

"Kahawa inakata pombe"

Haikati. Ini linaendelea na mwendo wake uleule, na aliyelewa mbege akinywa kahawa anakuwa mlevi aliye macho. Kijana wa bodaboda alicheka. Nikamkumbusha kwamba jeraha la kichwa nalo ni kihatarishi cha demensia, na helmeti yake ilikuwa imetundikwa kwenye kioo cha pikipiki.

Moja si la ubongo lakini siwezi kulipita: mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliviweka vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani. Wanazungumzia koo la chakula, na saratani hiyo ina watu wengi ukanda wetu. Acha ipoe kidogo.

"Nikiacha kichwa kinauma, basi ubongo umeshaharibika"

Haujaharibika, umezoea. Maumivu huanza saa 12 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho, hukolea siku ya kwanza au ya pili, na huisha ndani ya siku tisa hivi. Kupunguza polepole kunayaepuka karibu yote. Mama hakupunguza polepole. Kwaresma iliyopita alifunga chai kabisa, kuanzia Jumatano ya Majivu. Alhamisi alinipokea kibarazani kajifunga kitenge kichwani, hataki kusikia sauti, na bado anasema chai haina kafeini.