Petisheni iliyogoma kupita mlangoni: Wachatisti na kura walizonyimwa

Tarehe 2 Mei 1842 wafanyakazi wa London walifika bungeni na petisheni, yaani ombi lenye sahihi za watu wanaodai haki ya kupiga kura, karatasi yenye urefu wa kama kilomita 10, imeviringishwa kwenye fremu kubwa ya mbao inabebwa mabegani na wanaume kibao, kufika mlangoni ikagoma kupita. Wakajaribu kuibomoa fremu ya mlango nayo haikusaidia, mwisho wakaikatakata wakaingiza vipande vipande na kuvirundika sakafuni mbele ya wabunge. Ndani yake kulikuwa na sahihi zaidi ya milioni 3.3. Wabunge wakapiga kura, 287 wakakataa hata kuwasikiliza waliotuma, 49 ndio wakakubali, basi ikaishia hapo.

Kazi yangu ni kuelimisha watu kuhusu historia ya uchaguzi na huwa naanza na hiyo karatasi, maana ukishaielewa unaelewa vuguvugu zima la hawa watu waliokuja kuitwa Wachatisti.

Sasa rudi nyuma kidogo. Kabla ya 1832 bunge la Uingereza lilikuwa kichekesho, kilima cha Old Sarum ambacho hakina hata mji kilikuwa na wabunge wawili wakati Manchester yenye viwanda na maelfu kwa maelfu ya watu haina hata mmoja. Mwaka 1832 wakafanya mageuzi, wafanyakazi walikuwa wameandamana sana kuyadai pamoja na watu wa tabaka la kati, ila sheria ilipotoka, kura za mijini zikaenda kwa mwanaume anayemiliki au kupanga nyumba yenye thamani ya kodi ya pauni 10 kwa mwaka. Wenye maduka wakapata, mfanyakazi wa kiwanda akabaki nje. Halafu bunge hilo hilo jipya mwaka 1834 likapitisha sheria ya maskini, ukiishiwa unapelekwa nyumba ya kazi, mume huku mke kule na watoto pembeni. Hapo watu wakaona wametumika.

Mwaka 1838 fundi seremala William Lovett na wenzake wa London wakatoa Hati ya Watu (People's Charter, ndiko lilikotoka jina Wachatisti) yenye madai sita. Kila mwanaume wa miaka 21 na kuendelea apige kura, kura iwe ya siri, mbunge asilazimike kuwa na mali, mbunge alipwe mshahara, majimbo yalingane idadi ya watu, na uchaguzi ufanyike kila mwaka. La kura ya siri usilichukulie poa, enzi hizo ulikuwa unapanda jukwaani unataja kwa sauti unamchagua nani huku mwenye nyumba wako au bosi wako kasimama pale anakutazama, jioni unakuta vitu vyako nje. Na mshahara wa mbunge ni hivyo hivyo, bila mshahara seremala ataendaje bungeni, watoto wale nini? Wanawake hawakutajwa, ingawa Lovett alikuja kusema rasimu ya mwanzo iliwataja wakaondolewa kwa kuogopa madai yangechelewa, na wanawake wenyewe walikuwa na vyama vyao vya Kichatisti na walisaini pamoja na waume zao.

Kwahiyo sahihi zilikuwa ndio kura zao. Huna kura, utaonyeshaje mko wangapi? Unahesabu majina. Petisheni ya kwanza ya 1839 ilikuwa na majina kama milioni 1.28 ikakataliwa, na Novemba 4 mwaka huo maelfu ya wachimba makaa ya mawe na wafua vyuma wa Wales Kusini wakashuka Newport, wakiongozwa na John Frost aliyewahi kuwa meya wa mji huo huo, wanajeshi waliokuwa ndani ya hoteli ya Westgate wakafyatua risasi na watu kama 22 wakafa. Frost na wenzake wawili walihukumiwa kunyongwa na kukatwa vipande vinne, ikabadilishwa wakapelekwa Tasmania, kisiwa cha Australia walikokuwa wanapelekwa wafungwa. Ya pili ndio hiyo ya 1842.

Ya tatu, Aprili 10, 1848, ndiyo inayochekwa mpaka leo na mimi naona haikutendewa haki. Feargus O'Connor, kiongozi wa Wachatisti, alisema ina sahihi milioni 5.7, serikali ikaingiwa na hofu, malkia akaondolewa London, raia wakaapishwa kwa makumi ya maelfu kuwa polisi wa muda. Watu wakakusanyika kwa amani kwenye uwanja wa Kennington, kusini mwa London, petisheni ikaenda bungeni kwa gari la farasi. Baada ya siku chache makarani wakatangaza ni milioni 1.9 tu, tena kuna majina ya malkia mwenyewe na ya vikatuni, na kurasa nzima zenye mwandiko mmoja. O'Connor alitia chumvi, hilo halina ubishi. Lakini makarani walikuwa 13 na walifanya kazi kama masaa 17, piga hesabu, kila mmoja alikuwa anasoma majina mawili na nusu kwa sekunde bila kupumua! Na mwandiko mmoja je? Wengi hawakujua kuandika, jirani anayejua ndio anawaandikia mtaa mzima.

Mmoja wa waliopanga maandamano siku ile ni William Cuffay, fundi cherehani mfupi, mtoto wa mtu aliyetoka utumwani St Kitts, kisiwa cha Karibi. O'Connor alipokubaliana na polisi maandamano yasivuke mto Thames kuelekea bungeni, Cuffay alikasirika waziwazi. Agosti wakamkamata kwa ushahidi wa jasusi wa polisi, akahukumiwa kifungo cha maisha huko huko Tasmania akiwa na miaka 60. Mwaka 1856 akasamehewa, angeweza kurudi ila akabaki Hobart, mji wa Tasmania, anashona nguo na kupigania haki za wafanyakazi wa huko.

Madai ya Hati yakaja kukubaliwa moja moja baadaye. Sharti la mali kwa wabunge likafutwa 1858. Kura ya siri ikaja 1872, mishahara ya wabunge 1911, wanaume wote wa miaka 21 wakapata kura 1918 pamoja na baadhi ya wanawake wa miaka 30 na kuendelea, wanawake wakalingana na wanaume 1928. Uchaguzi wa kila mwaka haujawahi kuja, na sidhani kama kuna anayeuhitaji. Cuffay alifia kwenye nyumba ya maskini Hobart mwaka 1870, kura ya siri ilikuwa imebakiza miaka miwili tu.