Mathenge kwenye malisho: yale watu husema na ukweli wenyewe

Hii mathenge, ule mti wa miiba (Prosopis), ililetwa Baringo, Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 80 kwenye mradi wa kuni na kuzuia jangwa, saa hii imefunga malisho na kila mtu ana dawa yake.

"Kata tu, itaisha." Hii ndio inakula pesa ya watu. Mathenge ikikatwa juu ya ardhi haifi, inachipuka kwa kisiki, na pale palikuwa na shina moja la kukata na shoka unakuta fito nyingi nyembamba zimejaa miiba, kwa hivyo msimu ujao vibarua wanakudai zaidi ya mara ya kwanza na hizo fito hata makaa ya maana hazitoi. Lazima uchimbe kando ya kisiki ukate chini ya udongo, halafu urudi tena na tena kwa sababu mbegu zimelala hapo chini miaka. Kama huna pesa ya kurudi, afadhali usianze.

"Wachoma makaa wataimaliza." Wapi! Mchoma makaa hatafuti malisho, anatafuta gunia, so anachukua shina nene anaacha vile vichaka vinavyoziba njia ya ng'ombe.

"Mbuzi wataila." Majani hawana haja nayo, wanataka maganda yale matamu. Sukari inawaozesha meno mpaka 2006 Wailchamus, wafugaji wa Baringo, wakaishtaki serikali na kwenda na mbuzi kibogoyo kortini Nairobi, na mbegu nayo inapita tumboni nzima nzima inatoka na mavi, mvua ikinyesha inaota kule mbuzi alilala. Ukitaka kulisha maganda, saga kwanza: mbegu inavunjika, haioti tena, na unga wake ni chakula kizuri cha mifugo, hata kinauzika.

"Tuanzie pale imeziba kabisa." Karibu kila mtu anaanza hapo kwa sababu ndio panaonekana vibaya, na ndipo ghali zaidi. Anzia pembeni, kule imeingia juzi, mche mdogo udongo ukiwa na maji unang'oka kwa mkono na mizizi yake bila kulipa mtu.

Na ukishafyeka usiache ardhi wazi, itarudi tu. Panda nyasi, Baringo kuna watu wanauza nyasi kavu na mbegu zake kwa pesa nzuri, lakini mbuzi wakae nje mpaka ishike, na hiyo kuwazuia mbuzi wa jirani ndio shughuli.