Kabla hujamwita fisi mwizi

Dhana inayonikera kuliko zote ni hii: simba anawinda, fisi anakuja kudokoa. Na picha zipo, nani atabisha? Unateremka kreta ya Ngorongoro asubuhi, jua ndiyo kwanza linachomoza, unamkuta simba dume kaulalia mzoga wa nyumbu. Pembeni fisi wanazungukazunguka na kulia. Unapiga picha, unarudi nyumbani na hadithi yako.

Kumbe umefika mchezo umeshaisha. Miaka ya 1960 mtafiti Hans Kruuk alikesha humo kreta akiwafuata fisi kwa gari usiku wa mbalamwezi. Akakuta kinyume: mara nyingi walioua ni fisi, na simba alisikia kelele zao akaja kupora. Kwa hiyo siku nyingine usimtazame simba peke yake. Elekeza lenzi kwa wale wanaosubiri. Fisi mwenye damu mbichi mdomoni na shingoni, ilhali simba hajamruhusu hata kunusa, alikuwa mezani kabla yake. Mizoga anakula pia, hilo hatubishi.

Na wanaosema fisi ni huntha, yaani ana jinsia mbili? Hapana. Jike ana kiungo kinachofanana sana na cha dume, basi. Huyo unayemwita dume kwenye video yako huenda ni mama wa watoto, tena ndiye mwenye amri katika kundi.

“Duma hajali magari, kazoea.” Hii husemwa na mgeni anayetaka dereva asogee kidogo tu, na dereva, akifikiria bakshishi, anasogea. Duma huwinda mchana na kwa macho, yaani saa zilezile za watalii. Kulala kwake kimya si dalili kwamba hasumbuki. Swala aliowalenga wameshakimbia. Utafiti wa Maasai Mara uliochapishwa 2018 ulionyesha kuwa duma majike wa maeneo yenye watalii wengi walifanikiwa kulea watoto wachache mno kuliko wenzao wa maeneo tulivu.

Kuhusu nguo za mabakamabaka kama za jeshi, eti zinakuficha wanyama wasikuone: Tanzania raia akizivaa anajitafutia kesi, na faida yenyewe ni ndogo. Wanyama wengi wa porini hawatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Kinachokuuza ni upepo unaokupiga kisogoni na kuwapelekea harufu yako. Ndege ndio wenye macho ya rangi, wanatuzidi hata sisi.

Mwisho, eti kinda akishikwa na mtu mama yake humkataa. Ndege wengi hawamtambui kinda kwa harufu. Balaa ni wewe kukaa nusu saa chini ya kiota ukisubiri picha: mama anashindwa kurudi, mayai yanapigwa jua, na kunguru aliye juu ya mti ameshaona unachungulia wapi.