Tathmini ya mahitaji ni nini?

Tathmini ya mahitaji ni kuuliza, kupima na kuhesabu kabla ya kugawa msaada, ili mgawaji ajue nani amekosa nini, wapi, na kwa kiasi gani. Isipofanyika, lori la mablanketi huwafikia watu wenye kiu.

Kifaa chake ninachokipenda ni utepe mwembamba wenye rangi tatu. Mpimaji huuzungusha kwenye mkono wa kushoto wa mtoto wa miezi 6 hadi 59, katikati ya bega na kiwiko, kisha husoma rangi. Chini ya milimita 115 ni nyekundu: utapiamlo mkali, mtoto aanze matibabu. Kutoka 115 mpaka kabla ya 125 ni manjano, utapiamlo wa wastani. Zaidi ya hapo ni kijani. Rangi ikionekana, hatua inajulikana. Laiti madodoso yote yangekuwa hivyo! Mengi yamejaa maswali ambayo jibu lolote halibadilishi kitu, na mama aliyekimbia vita hukalishwa saa nzima kuyajibu.

Namba inahitaji pia cha kulinganishia. Viwango vya Sphere, yaani viwango vya kimataifa vya misaada ya dharura vinavyofuatwa na mashirika mengi, vinataka walau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku. Ila wastani huficha mengi: kambi inaweza kufikisha 15 kwenye karatasi, kumbe wa karibu na bomba wanachota 25 na wa pembeni 5. Kwa hiyo takwimu huchambuliwa kwa eneo, umri, jinsia na ulemavu. Wanawake nao huhojiwa faragha, na mwanamke mwenzao. Mbele ya wanaume, nani atasema haendi chooni usiku kwa kuwa mlango hauna komeo?

Kisha kuna suala la wakati. Umoja wa Mataifa ulitangaza baa la njaa Somalia Julai 2011. Utafiti wa baadaye ulikadiria waliokufa kuwa wapatao 258,000, karibu nusu yao kabla ya tangazo. Tahadhari zilikuwapo tangu mvua za mwisho wa 2010 zilipokosekana. Lakini kigezo kimojawapo cha kutangaza baa la njaa ni vifo 2 kwa siku katika kila watu 10,000, yaani tangazo lenyewe husubiri makaburi. Mfanyakazi makini huanza kuomba fedha mapema zaidi, akiangalia bei ya nafaka inavyopanda na wafugaji wanavyouza mbuzi kwa bei ya kutupa.